Kutia Rangi Sufu na Mohea kwa Mkono: Mwongozo Kamili wa Njia ya Taratibu na Njia ya Haraka

Malalamiko ya wanaotia rangi uzi nyumbani ni yale yale. Uzi umetoka na mabaka. Maji ya kusuuzia hayaishi rangi, beseni baada ya beseni. Mohea, yaani uzi wa manyoya ya mbuzi wa Angora, iliyoingia sufuriani iking'aa imetoka imefifia, na sufu imejifunga, nyuzi zimeshikana hadi haifumiki tena. Karibu kila anayelalamika anasema alitumia njia ya haraka, na anaamini kosa ni haraka yenyewe.

Sivyo. Njia ya haraka ina kazi yake, na kuna uzi mzuri sana ambao hauwezi kupatikana kwa njia nyingine. Wengi wanaharibu kwa sababu wanachanganya njia mbili: wanataka rangi sawasawa ya njia ya taratibu, lakini wanatia asidi kwa mpangilio wa njia ya haraka. Tofauti kubwa kati ya njia hizi si saa zinazotumika. Ni wakati ambapo asidi inakutana na rangi. Ukilishika hilo, hatua nyingine zote zitajieleza.

Mwongozo huu unahusu rangi za asidi, yaani zile za unga zinazotengenezwa kwa ajili ya sufu, hariri na manyoya mengine ya wanyama. Rangi za pamba zinazotaka magadi ziache kabisa. Magadi hula sufu.

## Vitu vya kuandaa

Kusanya kila kitu kabla ya kuwasha moto. Ukishaanza kupandisha joto hutapata nafasi ya kutafuta kijiko.

- Uzi wa sufu au mohea, uliozungushwa kuwa kitita kikubwa cha mviringo, si donge. Rangi haiwezi kufika katikati ya donge.
- Rangi ya asidi ya unga.
- Siki nyeupe ya asilimia 5, au asidi ya sitriki ya unga.
- Sabuni ya maji isiyo kali, matone machache tu.
- Sufuria kubwa ya chuma kisichoshika kutu, au ya enameli isiyobanduka. Aluminiamu na chuma cha kawaida huweza kubadilisha rangi.
- Kipimajoto kinachofika nyuzi 100 za Selsiasi. Hiki usikiache, jicho haliwezi kutofautisha nyuzi 80 na 90.
- Mizani inayosoma gramu moja au chini yake.
- Jagi la vipimo, na bomba la sindano lisilo na sindano kwa vipimo vidogo.
- Glavu za mpira, barakoa na aproni.
- Kwa njia ya haraka: karatasi ya plastiki ya kufungia chakula, na sufuria ya kupikia kwa mvuke.
- Bakuli jeupe au kijiko cheupe cha kukagulia maji.
- Uzi wa pamba wa kufungia kitita.

Vyombo vikishaingia kwenye rangi visirudi jikoni. Viwekee alama na uvitenge. Unga wa rangi ni mwepesi mno na huruka hewani, kwa hiyo vaa barakoa tangu unapofungua kopo hadi unga wote uwe umelowa. Funga dirisha wakati wa kupima unga ili upepo usiupeperushe, kisha lifungue wakati wa kuchemsha.

## Kwa nini rangi hushika

Sufu na mohea zote ni protini. Ndani ya maji yenye asidi, protini hiyo hupata chaji chanya. Rangi za asidi zina chaji hasi, basi zinavutwa na kushikwa. Joto hulegeza muundo wa nyuzinyuzi ili rangi iingie ndani badala ya kukaa juu juu.

Kwa hiyo yanatakiwa mambo matatu: maji yaliyopenya, asidi, na joto. Ukikosa asidi, rangi itabaki majini. Ukikosa joto, rangi itakaa nje na kuhama kila unapofua. Ukikosa maji ndani ya uzi, rangi itashika sehemu zilizolowa na kuziruka zilizo kavu, nawe utapata mabaka.

Asidi nyingi na joto la ghafla hufanya rangi ishike kwa pupa, pale pale ilipogusa. Asidi kidogo na joto linalopanda polepole huipa rangi muda wa kutembea na kujigawa kabla ya kutulia. Mpangilio wa kwanza ndio msingi wa njia ya haraka. Wa pili ndio msingi wa njia ya taratibu.

## Sufu si mohea

Watu huzitia sufuria moja kana kwamba ni kitu kimoja. Mohea ni manyoya ya mbuzi wa Angora, na magamba ya unyuzi wake yamelala zaidi kuliko ya kondoo. Ndiyo sababu inang'aa, inateleza na haijifungi haraka kama sufu.

Kwa mtia rangi, mohea ina tabia mbili za kukumbuka. Inashika rangi upesi, kwa hiyo mabaka hutokea upesi pia. Na haipendi kuchemka: maji yakitokota kwa muda, mng'ao hufifia na unyuzi hukakamaa. Sufu ya kawaida huvumilia nyuzi 90 hadi 95 mradi usiikoroge. Mohea isimamishe kwenye 80 hadi 85, na uongeze muda badala ya joto.

Ukitia rangi sufu na mohea pamoja, usishangae rangi ile ile ikionekana mbili. Mohea itaonekana angavu zaidi kwa sababu inarudisha mwanga. Wafumaji wengine hushika uzi wa sufu na wa mohea kwa pamoja wakifuma, na tofauti hiyo ndogo hupendeza sana.

Kuna aina ya tatu inayowachanganya wengi: sufu iliyotibiwa ili iweze kufuliwa kwa mashine. Magamba yake yamepunguzwa au kufunikwa, hivyo hunywa rangi kwa kasi kubwa kuliko sufu ya kawaida. Isome lebo. Kama ni hii, ifuate kwa tahadhari ile ile ya mohea upande wa asidi, ingawa joto inalihimili.

## Hesabu ya rangi

Usikisie. Pima uzi ukiwa mkavu, na hesabu zote zitoke kwenye uzito huo.

Ukolezi wa rangi huhesabiwa kwa asilimia ya uzito wa uzi. Asilimia 0.5 hutoa rangi hafifu, asilimia 1 ya wastani, asilimia 2 iliyokolea. Nyeusi huhitaji asilimia 4 hivi.

Kupima gramu mbili za unga ni kazi ngumu, basi tengeneza maji ya rangi ya asilimia 1: gramu 1 ya unga katika mililita 100 za maji. Koroga unga na maji kidogo ya uvuguvugu kwanza hadi uwe uji laini, kisha ongeza maji ya moto na ukoroge hadi pasiwe na chembe. Chembe moja isiyoyeyuka huacha doa kali kwenye uzi, na doa hilo halitoki.

Mfano: uzi wa gramu 250, ukolezi wa asilimia 2. Unahitaji gramu 5 za unga, sawa na mililita 500 za maji ya rangi.

Asidi: kwa kila gramu 100 za uzi, tumia mililita 60 za siki ya asilimia 5, au gramu 3 za asidi ya sitriki. Kwa gramu 250 hiyo ni mililita 150 za siki, au gramu 7.5 za sitriki. Binafsi ninapendelea sitriki. Haina harufu, na hutalazimika kukaa na mvuke wa siki puani kutwa nzima.

Maji ya sufuria, kwa njia ya taratibu: mara 30 hadi 40 ya uzito wa uzi. Gramu 250 zinataka lita 7.5 hadi 10. Uzi uliobanwa kwenye sufuria ndogo haupati rangi sawasawa hata ufuate kila kitu kingine.

## Maandalizi ya njia zote mbili

Hatua ya 1: Funga kitita. Funga sehemu nne, na kwa mohea yenye manyoya marefu sehemu sita, kwa sababu hujishika yenyewe ikiwa mbichi. Pitisha uzi wa pamba katikati ya kitita kwa umbo la nambari 8, na ulegeze. Kidole chako kiweze kupita chini ya kila fundo. Fundo lililobana huzuia rangi, na utakuta mstari mweupe pale lilipokuwa.

Hatua ya 2: Osha. Uzi wa dukani mara nyingi una mafuta ya kusokotea, na uzi uliosokotwa nyumbani unaweza kuwa bado na lanolini, mafuta ya asili ya kondoo. Rangi haipiti kwenye mafuta. Jaza beseni maji ya nyuzi 55 hadi 60, tia sabuni kidogo, zamisha uzi bila kuusugua, uache dakika 20. Utoe kabla maji hayajapoa, la sivyo mafuta yaliyoyeyuka yatarudi kuganda juu yake. Suuza kwa maji ya joto lile lile.

Sufu haijifungi kwa sababu ya joto peke yake. Hujifunga joto linapokutana na msuguano, au inapotolewa kwenye moto na kutumbukizwa kwenye baridi.

Mafanikio hapa: uzi hauna utelezi wa mafuta, na tone la maji linazama ndani badala ya kukaa juu kama shanga.

Hatua ya 3: Loweka. Hapa ndipo wengi wanapojipunja. Sufu inaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake bila kuonekana mbichi, na magamba yake ya nje hukataa maji. Kwa hiyo mguso wa vidole haukuambii chochote kuhusu katikati ya uzi.

Tumia maji ya uvuguvugu yenye matone mawili ya sabuni. Kwa njia ya haraka, dakika 30 ndizo za chini kabisa. Kwa njia ya taratibu, usiku kucha.

Namna ya kujua: zamisha kitita, kibane polepole chini ya maji. Kama vinatoka viputo vya hewa, bado. Kitita kilicholowa vizuri hutulia chini ya beseni chenyewe, na ukikibana hakitoi hata kiputo kimoja.

Kuanzia hapa njia zinaachana.

## Njia ya taratibu: rangi moja, sawasawa

Itumie unapotaka rangi moja kwenye vitita vingi vya nguo moja, au unapotia rangi mohea ya bei ambayo hutaki kuijaribia. Jipe nusu siku ya kazi na usiku wa kupoza.

Hatua ya 4: Tia rangi majini, bila asidi. Jaza sufuria maji ya uvuguvugu, nyuzi 30 hadi 40. Mimina maji ya rangi yote, koroga. Usitie siki bado.

Hatua ya 5: Zamisha uzi. Utoe kwenye maji ya kulowekea, ubane kidogo, uingize wote kwa mkupuo mmoja. Ukiingiza nusu nusu, nusu ya kwanza itakunywa zaidi. Usogeze taratibu, uugeuze mara mbili tatu, kisha uache dakika 10 hadi 15. Kwa kuwa hakuna asidi na maji hayana joto kali, rangi inazunguka kila mahali bila kushika sana. Dakika hizi chache ndizo zinazoleta usawa.

Hatua ya 6: Pandisha joto polepole. Moto mdogo. Lenga nyuzi moja kwa dakika, au pungufu. Kila baada ya dakika chache uinue uzi kwa fimbo na uushushe upande wa pili. Inua na ushushe. Usikoroge kwa mzunguko.

Hatua ya 7: Tia nusu ya asidi kwenye nyuzi 50. Yeyusha asidi kwenye kikombe cha maji ya sufuria hiyo hiyo. Inua uzi wote juu ya maji, mimina asidi, koroga, ndipo uushushe. Asidi ikimwagwa moja kwa moja juu ya uzi, sehemu hiyo hunasa rangi papo hapo na kukolea kuliko nyingine.

Hatua ya 8: Endelea hadi joto la kushikia. Kwa sufu nyuzi 90, kwa mohea nyuzi 80 hadi 85. Ukifika karibu ya hapo, inua uzi tena na utie nusu ya asidi iliyobaki. Ukiona viputo vikubwa vinapanda, punguza moto mara moja, kwa sababu maji yanayotokota yanausugua uzi hata kama mkono wako umetulia.

Hatua ya 9: Shikilia joto. Dakika 30 hadi 45 kwa rangi nyingi. Samawati ya kijani na nyeusi zipe saa nzima. Ni nzito kushika. Mohea uliyoishikilia kwenye 80 iongezee robo saa.

Sasa chota maji kwa kijiko cheupe. Mwanzoni yalikuwa ya rangi kali. Yakiwa meupe, au yenye kivuli hafifu tu, rangi yote imehamia kwenye uzi. Hiki ndicho kipimo cha kweli cha mafanikio. Saa ya ukutani ni ya kukisia tu.

Kama maji bado yana rangi, inua uzi, ongeza robo ya kipimo cha asidi, na usubiri dakika 15 zaidi. Yakigoma kabisa kuwa meupe wakati uzi umekolea, ujue ulitia rangi nyingi kuliko uzi unavyoweza kubeba. Hapo hakuna dawa ila kusuuza kwa subira.

Hatua ya 10: Zima na uache. Uzi upoe ndani ya maji yake, usiku kucha kama unaweza. Katika saa hizo uzi unaendelea kuvuta rangi iliyobaki, na unapoa bila mshtuko. Anayetoa uzi wa nyuzi 85 na kuupeleka bombani anajitafutia uzi uliojifunga.

## Njia ya haraka: rangi nyingi, mabaka ya makusudi

Hapa asidi inatangulia. Rangi inamiminwa juu ya uzi ulioshiba asidi, inashika pale inapoanguka, na hiyo ndiyo raha yake: uzi wenye rangi tatu nne zinazoingiliana. Kazi yote, ukiondoa kupoza, huisha ndani ya saa mbili.

Usiitumie kutafuta rangi moja iliyo sawa. Utabishana na kemia, na kemia haisikii.

Hatua ya 4: Loweka kwenye asidi. Baada ya kuloweka kwa maji ya kawaida, hamishia uzi kwenye maji ya uvuguvugu yenye kipimo chote cha asidi. Dakika 20. Mohea dakika 10 zinatosha.

Hatua ya 5: Bana maji. Uzi uwe na unyevu, usichuruzike. Ukiwa na maji mengi, rangi zitakimbilia chini na kuchanganyika kuwa tope. Ukiwa mkavu mno, rangi haitasafiri na itaacha mistari myeupe. Kipimo changu: ukiubana kwa nguvu, utoe matone machache, si mkondo.

Hatua ya 6: Mimina rangi. Tandika plastiki mezani, ulaze uzi kwa umbo la duara refu. Mimina maji ya rangi ya asilimia 1 kwa chupa au bomba, sehemu kwa sehemu. Jumla ya maji ya rangi isizidi uzito wa uzi kwa kiasi kikubwa: gramu 100 za uzi, mililita 100 hivi. Kisha bonyeza kwa vidole vyenye glavu hadi rangi ifike upande wa chini. Geuza kitita uangalie. Karibu kila mara utakuta chini ni peupe wakati juu pamejaa.

Kuhusu mpangilio wa rangi: weka jirani rangi zinazozaa rangi nzuri zikikutana. Njano na samawati zikigusana hutoa kijani, hakuna ubaya. Zambarau na njano zikigusana hutoa kahawia ya matope. Ukitaka zikae kwenye uzi mmoja, zitenganishe na rangi ya tatu au acha nafasi tupu kati yake.

Kuna jambo moja linalowashangaza wageni wa njia hii. Zambarau, kahawia na nyeusi nyingi ni mchanganyiko wa rangi kadhaa ndani ya kopo moja, na kila moja ina kasi yake. Nyekundu hunasa upesi, samawati hujivuta. Juu ya uzi wenye asidi nyingi utaona zambarau ikipasuka: katikati ya doa panakuwa pa waridi, na ukingoni panatambaa pete ya buluu. Ninayapenda matokeo hayo, hasa kwenye mohea nyeupe. Ila kama unataka zambarau safi, hamia njia ya taratibu au chagua rangi iliyotengenezwa kwa unga wa aina moja.

Hatua ya 7: Funga na ufukize. Funika uzi kwa plastiki, viringisha kuwa kifurushi kisichovuja. Kiweke juu ya maji yanayochemka, kisiguse maji, funika sufuria. Sufu dakika 30 hadi 40 tangu mvuke unapoanza. Mohea muda ule ule, lakini kwa moto mdogo, mvuke uwe mwembamba usiosukuma mfuniko. Angalia maji ya chini yasikauke.

Wenye maikrowevu huitumia pia, na inafanya kazi: dakika 2 za moto, dakika 2 za kupumzika, ukirudia hadi kifurushi kizima kiwe cha moto. Mapumziko hayo ni ya lazima. Sehemu ya uzi iliyokauka ndani ya maikrowevu huungua, na sufu iliyoungua hunuka kama nywele zilizochomwa na kukatika kwa kuguswa. Maikrowevu hiyo isiwe ya chakula. Kwa mohea siishauri kabisa, kwa sababu joto lake huruka na huwezi kulizuia kufika kiwango cha kuchemka.

Hatua ya 8: Usifungue. Hapa ndipo haraka inapowaponza watu. Kifurushi kikitoka kwenye mvuke bado kinafanya kazi ndani. Kiache kipoe hadi kiwe na joto la mwili wako, saa mbili tatu. Ukifungua, kioevu kidogo kilichobaki kwenye plastiki kiwe cheupe au karibu ya hapo. Kikiwa na rangi kali, funga tena na ufukize dakika 15 zaidi.

## Kusuuza na kukausha

Kwa njia zote, maji ya kusuuzia yawe na joto sawa na la uzi. Beseni la kwanza litie tone la sabuni ili kuondoa rangi iliyokaa juu juu. Mabeseni yanayofuata maji matupu. Usisokote kukamua. Viringisha uzi ndani ya taulo na uukanyage.

Anika kivulini, ukining'inia bila uzito. Mohea ikishakauka ipige kofi hewani mara kadhaa ili manyoya yasimame. Yale yaliyolala kwa ukaidi yainue kwa brashi laini.

Usihukumu rangi kabla uzi haujakauka. Uzi mbichi huonekana umekolea kuliko ulivyo. Ukiwa bado sufuriani na unataka kujua, vuta unyuzi mmoja, ubane ndani ya karatasi laini hadi ukauke, ndipo uutazame kwa mwanga wa mchana.

Jaribio la mwisho: lowesha kipande cha uzi, kifunge ndani ya kitambaa cheupe kibichi, kiache hadi asubuhi. Kitambaa kikibaki cheupe, fuma bila hofu, hata kama utauchanganya na uzi mweupe.

## Uchague ipi?

Kwa sweta au kitu chochote kinachohitaji vitita vingi vinavyofanana: taratibu, na vyote viingie sufuria moja. Vitita vilivyotiwa rangi siku mbili tofauti mara nyingi havifanani, hata vipimo viwe vile vile.

Kwa soksi, skafu na kofia za rangi nyingi: haraka.

Kwa mohea ninaanza na taratibu kila mara, isipokuwa pale ninapotaka rangi zipasuke kwa makusudi. Ukiwa mgeni kabisa wa kazi hii, anza na sufu ya kawaida kwa njia ya haraka, gramu 50 tu. Utaona asidi na joto vinavyofanya kazi kwa macho yako, na uzi ukitoka na mabaka utakuwa ndivyo ulivyotakiwa kuwa.

Weka kumbukumbu: uzito wa uzi, rangi, asilimia, asidi, joto la juu, muda. Bandika na kipande cha uzi wenyewe. Bila daftari hilo huwezi kuirudia rangi uliyoipenda.

## Neno kuhusu rangi za mimea

Wengi huuliza kama maganda ya vitunguu au bizari ya manjano yanaweza kuingia kwenye hatua hizi. Yanaingia kwenye sufuria, ndiyo, lakini mpangilio wake ni mwingine: rangi nyingi za mimea hutaka uzi utibiwe kwanza kwa shabu, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa uzi. Shabu ikizidi, sufu hunata vidoleni. Manjano hushika hata bila shabu, na inapendeza mno siku ya kwanza, lakini jua linaifuta upesi. Hapo hakuna njia ya haraka ya kweli. Kazi ya mimea ni taratibu mwanzo hadi mwisho.

## Mambo yakiharibika

Mabaka yasiyotakiwa. Usijaribu kuyafuta. Rudisha uzi sufuriani kwa njia ya taratibu na rangi iliyokolea zaidi juu yake. Mabaka yatabaki kama vivuli chini ya rangi mpya, na mara nyingi uzi huo hupata kina ambacho rangi moja haina.

Mstari mweupe penye fundo. Sogeza mafundo, utie rangi tena kwa ukolezi ule ule sehemu hiyo tu, kwa kumimina na kufukiza.

Rangi inaendelea kutoka. Kwanza jua sababu. Kama uzi haukupata joto la kutosha, urudishe kwenye maji mapya yenye asidi, upandishe joto polepole hadi kiwango chake, dakika 30. Hiyo humaliza tatizo. Kama tatizo ni rangi kuzidi, joto halitasaidia, suuza tu.

Mohea imepoteza mng'ao. Kama umefika hapa baada ya kusuuza, huenda ni sabuni au asidi iliyobaki, basi isuuze tena vizuri kwa maji ya uvuguvugu. Kama ilichemka, mng'ao haurudi. Ichanganye na sufu wakati wa kufuma.

Sufu imejifunga. Ikiwa nyuzi bado zinaachana ukizivuta kwa vidole, nyoosha kitita kikiwa kibichi, kitingishe kwa nguvu na ukianike kikiwa kimenyooka. Ikiwa zimeshikana hadi huoni uzi mmoja mmoja, hazifunguki. Kata kitita, kitumie kujazia mito au vitu vya kuchezea watoto, na uzi unaofuata uupozee ndani ya sufuria.